Mwitu Mkongwe wa Masisi na Walikale: Miti na Ndege Wake

Frateri mmoja aliyetumwa parokiani kwetu kwa mwaka wake wa majaribio aliniomba kitabu cha kusoma juu ya mwitu. Katika kabati nilikuta kimoja tu, kitabu cha Kifaransa chenye picha za miti ya Ulaya. Alikisoma jioni tatu. Siku ya nne alinieleza vizuri sana namna mti uitwao hêtre unavyoishi, ndege gani hutoboa shina lake na nani hula mbegu zake. Ndipo nikamwonyesha mti mkubwa ulio nyuma ya nyumba ya masista, nikamwuliza jina lake. Akacheka. Hakulijua, naye alizaliwa kilometri 12 tu kutoka pale.

Simlaumu. Mimi mwenyewe nilitoka Seminari Kubwa nikijua vizuri wazushi wa karne ya nne na makosa yao, lakini sikuweza kutaja ndege kumi wa nchi yangu. Yale ninayoyaandika hapa niliyapata kwa vitabu vichache na kwa wakatekista, hasa mzee mmoja ambaye tumetembea pamoja kwa miguu vituo vyote vya parokia. Nayaandika kwa sababu kila mwaka tunaombwa shauri juu ya mwitu: wakristu wakate au wasikate, wapasue mbao za kanisa mti gani, wauze kipande gani kwa mfanya biashara. Padri hujibu. Na mara nyingi hujibu bila kujua anasema juu ya kitu gani.

Mwitu mkongwe ni kitu gani?

Kwetu watu husema «pori» kwa kila mahali penye miti. Lakini pori lililoota juu ya shamba lililoachwa miaka 20 iliyopita, na mwitu ambao shoka halikuuingia tangu mababu, ni vitu viwili. Katika mwitu mkongwe utakuta miti ya kila umri: vitoto vyembamba kama kidole, vijana, watu wazima, wazee. Utakuta maiti vile vile, miti iliyokufa ikiwa imesimama, na mingine iliyoanguka na kuoza polepole, yenye uyoga na mchwa. Mashina ya wazee yana matundu. Chini ni giza, na magugu ni machache, hata unaweza kutembea bila panga. Mgeni husikia kimya. Mwenyeji husikia kazi nyingi.

Wazungu nao wana mwitu wa namna hii, na kile kitabu cha frateri kiliueleza. Karibu na Bruxelles kuna msitu uitwao Soignes, na mti wake mkubwa ni ule hêtre. Sehemu kubwa ya miti hiyo ilipandwa kwa mikono ya watu mwishoni mwa karne ya 18, wakati Waaustria walipotawala kule. Hata hivi, vipande vyake vilivyoachwa kuzeeka viliingizwa mwaka 2017 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Hêtre hutupa kivuli kizito, kwa hiyo miti mingine haipati nafasi chini yake. Miaka fulani huzaa mbegu nyingi sana, miaka mingine karibu hakuna. Ndege mweusi mwenye kofia nyekundu, aina ya gongola, hutoboa shina kwa mdomo wake, na akihama, njiwa na ndege wengine huingia katika tundu lake. Tukumbuke mambo haya matatu, yaani kivuli, mbegu na tundu, kwani tutayakuta tena Walikale, kwa mti mwingine na ndege wengine.

Juu, katika baridi ya Masisi

Tuanze juu, kama maji yanavyoanza. Masisi ni nchi ya milima, na mahali pengi inapita metri 2,000. Usiku ni baridi, na ukungu wa asubuhi hauondoki upesi. Miti ya huko si mirefu kama ile ya bondeni, lakini imevaa nguo. Matawi yamefunikwa na kuvu, na ndevu za kijivu zinazoning'inia, na majani madogo yanayokaa juu ya mti bila kumnyonya. Nguo hizi hukamata ukungu na kuudondosha chini tone kwa tone, hata siku isiyo na mvua. Ndiyo maana chemchemi iliyo chini ya mwitu hutoka maji wakati wa kiangazi, na ile iliyo chini ya malisho hukauka. Wamama wanaochota maji wanajua jambo hili bila kusoma.

Kati ya miti ya milima hii nitaje minne kwa majina ya Kilatini, kwani sisi tuliofundishwa Kilatini hatuna udhuru. Wa kwanza ni Hagenia abyssinica, mti uliopindapinda wa mahali pa juu sana. Waethiopia hutumia maua yake tangu zamani kama dawa ya tegu wa tumbo. Wa pili ni Podocarpus, ndugu wa mbali wa misunobari. Wa tatu ni Symphonia globulifera. Maua yake ni mekundu kama damu, na utomvu wake ni wa manjano. Chozi, wale ndege wadogo wanaonyonya maua, humwingiza mdomo wapate asali, nao hutoka na unga wa ua kichwani na kuupeleka kwa ua lingine. Pasipo chozi, mbegu huwa chache.

Wa nne ni Prunus africana, na juu ya huyu nataka kusema zaidi, kwani wengi wenu mmeona magunia ya maganda yake. Ganda hilo hununuliwa na kupelekwa Ulaya, ambako hutolewa dawa ya ugonjwa wa wanaume wazee, ule wa kukojoa kwa shida. Biashara ilikuwa kubwa hata mataifa yalipatana kuiangalia: tangu mwaka 1995 mti huu umo katika orodha ya pili ya mapatano ya CITES. Jambo lenyewe ni rahisi kulieleza kijijini. Ukichuna ganda pande mbili zinazoelekeana na kuacha pande mbili nyingine, mti hupona na kuvaa ganda jipya. Ukichuna kuzunguka shina lote, chakula cha majani hakishuki tena kwenye mizizi, na mti hufa ukiwa umesimama. Aliyechuna vibaya amepata magunia zaidi mara moja. Matunda yake, ambayo ndege na nyani huyala na kuzitupa mbegu mbali, hayatakuwapo tena.

Ndege wa milima hii ni utajiri ambao hatuufikirii. Katika milima inayofuata maziwa yetu, toka Ziwa Albert hata kusini ya Tanganyika, kuna aina karibu 40 za ndege ambao hawako mahali pengine popote duniani. Mmoja ni kulukulu wa Ruwenzori, mwenye mwili wa kijani na buluu. Akikaa kimya humwoni. Akiruka, mabawa yake yanawaka mekundu. Wataalamu walipopima rangi ile nyekundu walikuta ndani yake shaba, shaba ile ile ya Katanga, aliyoipata kidogo kidogo katika chakula chake. Mwingine ni chozi aitwaye kwa Kilatini regius, yaani wa kifalme, mwenye kifua cha nyekundu na manjano. Ni mdogo kama kidole gumba.

Lakini tuseme ukweli: mwitu wa Masisi leo ni vipande. Ukitoka Sake na kupanda, macho yako hukutana na malisho ya ng'ombe, mazuri kabisa, hata wageni husema ni kama Uswisi, na jibini yake hupendwa Goma yote. Chini ya majani yale palikuwa mwitu. Tangu 1937 hata 1955 serikali ya Wabelgiji iliwaleta watu wengi kutoka Rwanda na kuwapa makao huko Gishari na kandokando yake. Walowezi nao walipanda chai na kufungua mashamba ya ng'ombe. Baadaye mashamba makubwa yakapita mikononi mwa matajiri wa kwetu. Sitaki mtu yeyote aseme kwamba kabila fulani limemaliza mwitu. Aliyepewa shamba alipaswa kula, na aliyepewa shoka alilitumia. Kiisha, tangu 1993, vita vimekuja na kurudi, watu wamekimbia, na mji wa Goma umekuwa mkubwa wa kutisha. Goma hupika kwa makala. Makala ni mti.

Mahali pengi wamepanda mikaratusi. Si vibaya, kwani mkaratusi hukua upesi na kuokoa mti wa mwitu usikatwe kwa kuni. Lakini nenda ukae ndani ya shamba la mikaratusi saa kumi na mbili asubuhi, kisha siku ya pili ukae saa ile ile katika kipande cha mwitu kilichobaki kando ya mto. Hesabu sauti. Nilifanya hivi na watoto wa katekismu, nao hawakuhitaji maelezo yangu.

Kushuka na Lowa

Maji ya milima ya Masisi hushuka upande wa magharibi, huingia Lowa, na Lowa hupita Walikale kwenda kuonana na Lualaba. Njia ya zamani hufuata upande ule ule kwa Nyabiondo. Mtu anayeshuka kwa miguu husikia joto likipanda kila siku ya safari, mpaka Walikale penyewe, karibu metri 700 tu juu ya bahari. Hapo umeingia ndani ya mwitu mkubwa unaoendelea, karibu bila kukatika, mpaka ng'ambo ya Kisangani.

Pahali fulani miti yake imechanganyika, aina nyingi katika hektari moja: libuyu, muvula na mingine ambayo wafanya mbao huitafuta. Pahali pengine unaingia bila onyo katika mwitu wa mti mmoja. Ni limbali, kwa Kilatini Gilbertiodendron dewevrei. Huyu ndiye ninayemwita hêtre wa kwetu, si kwa ukoo bali kwa tabia. Anafika metri 40. Majani yake ni makubwa na magumu, huanguka na kufanya godoro nene lisilooza upesi, na kivuli chake ni kizito kupita cha wote. Mbegu nyingine zikianguka pale zinaota kidogo, kisha zinakufa kwa njaa ya jua. Lakini mbegu ya limbali ni kubwa, inajaa kiganja. Ndani yake mama ameweka akiba ya chakula, nayo inamtosha mtoto kusubiri chini ya kivuli miaka mingi, mpaka mzee mmoja aanguke na kumfungulia mbingu.

Tena chini ya udongo kuna msaada mwingine. Mizizi ya limbali imeshikana na nyuzi nyembamba za uyoga, nyembamba kuliko unywele. Nyuzi hizo hufika mahali ambapo mzizi haufiki, huleta maji na chumvi za udongo, na mti hulipa kwa sukari iliyotengenezwa na majani. Uyoga ule tunaookota baada ya mvua na kupika ni tunda tu la kazi hiyo ya chini. Hêtre wa Ulaya naye anaishi kwa mapatano ya namna hii na uyoga wake.

Mwaka wa mbegu nyingi ni sikukuu. Nguruwe wa mwitu, panya na tembo, pale ambapo tembo wamebaki, huja kula. Wambuti wa Ituri walijua kuzitayarisha mbegu hizo zipate kulika siku za njaa. Maua nayo ni ya nyuki. Lakini limbali hasafiri. Mbegu yake ni nzito. Ganda likipasuka huirusha hatua chache tu, basi. Kwa hiyo mwitu wa limbali uliokatwa wote haurudi kwa maisha ya mtu, wala ya mjukuu wake. Panapokatwa panaota kwanza kombo-kombo, ule mti mwepesi wenye majani kama mwavuli, unaokimbilia jua. Wapita njia husema: «Tazama, pori limerudi». Hapana. Ni paa la muda limeezekwa.

Wenye kupanda mwitu

Miti mingine ya Walikale, tofauti na limbali, husafiri, lakini haina miguu. Inabebwa. Sehemu kubwa ya miti ya misitu yetu huzaa matunda ili mnyama au ndege ayale na kuzipeleka mbegu mbali. Mbebaji mmoja mkubwa ni hondohondo, yule ndege mwenye mdomo mkubwa kama jembe na pembe juu yake. Mabawa yake yakipita juu ya miti yana sauti kama ya mashini, hata mtoto hukimbia nje kutazama. Hondohondo humeza tunda zima, huruka kilometri kadhaa, kisha hutapika mbegu nzima, safi, mbali na mama yake. Huyu ndiye mkulima wa mwitu, naye hadai mshahara.

Lakini hondohondo hana ufundi wa yule ndege wa Ulaya. Hawezi kutoboa shina. Lazima akute tundu lililofanywa na uzee, pale tawi lilipovunjika na mti kuoza ndani, na tundu liwe kubwa la kumtosha. Mti wenye tundu la namna hiyo una miaka mingi kuliko babu ya yeyote kati yetu. Wakati wa kutaga, jike huingia ndani, kisha wao wawili huziba mlango kwa udongo mpaka unabaki ufa mwembamba tu. Jike hukaa humo kifungoni, atage, aatamie, alee mtoto. Katika aina moja kubwa iliyochunguzwa vizuri huko Uganda, kifungo hicho huchukua karibu miezi minne. Siku zote hizo dume huleta matunda na kuyapitisha katika ufa, moja baada ya jingine. Dume akiuawa kwa bunduki, waliomo ndani wamo hatarini kufa kwa njaa.

Nieleze hapa jambo nililolifanya. Katika parokia yangu ya kwanza tulitafuta mbao za viti vya kanisa. Wakristu walionyesha muvula mkubwa, shina zuri, na juu sana, karibu na matawi, lilikuwapo tundu. Katekista, yule mzee niliyemtaja, alitazama juu akasema:

— Padri, mti huu una mwenyeji.

Nilimjibu:

— Mzee, mashini ya kupasua tumeikodi juma hili tu. Juma lijalo tutapata wapi franka?

Hakusema neno tena. Mti uliangushwa saa nne. Katika tundu tulimkuta jike wa hondohondo amevunjika shingo, na mtoto mmoja ambaye manyoya yake yalikuwa yanaanza kutoka, alikufa jioni. Dume alirudi mchana na tena siku iliyofuata. Alizunguka mahali pale ambapo mti haukuwapo tena, kisha akatua juu ya mti wa pili, na koo lake lilikuwa limejaa. Viti ni vizuri. Vingeweza kuwa vizuri vile vile kama tungalingoja miezi miwili, au kama ningaliuliza kuna muvula mwingine usio na tundu. Ulikuwapo, katekista aliniambia baadaye, nyuma ya kilima.

Kasuku wa kijivu naye hutaga katika matundu ya wazee hao. Misitu ya Walikale na Maniema imetoa kasuku wengi sana kwa kuuzwa nchi za ng'ambo, wengi wao wakifa njiani. Mwaka 2016, katika mkutano wa mataifa huko Johannesburg, aliingizwa katika orodha ya kwanza ya CITES, maana yake biashara ya kasuku waliokamatwa mwituni imekatazwa kati ya mataifa. Hata hivi, mtego wa gundi ni wa bei ndogo, na mtu mwenye njaa hasomi orodha. Katekista anaweza kusema neno hapo. Polisi yuko mbali.

Juu ya ndege wa chini nisipite bila kutaja wale wafuasi wa siafu. Siafu wakitembea mwituni, wadudu wote hutoka mafichoni wakikimbia, na ndege fulani wa rangi ya kahawia, wenye sauti ya kunung'unika, huwafuata. Hawali siafu, wanakamata wale wanaokimbia. Kwa hiyo mtu akisikia ndege hao wananung'unika pamoja chini ya vichaka, achungulie kwanza miguu yake.

Unyoya wa Avakubi

Sasa niwape hadithi ya kweli ambayo nawasimulia mafrateri kila mwaka. Mwaka 1913 Mmarekani mmoja, James Chapin, aliyekuwa katika Ituri na mwenzake Herbert Lang kwa kazi ya jumba la makumbusho la New York, aliona huko Avakubi kofia ya mwananchi iliyopambwa kwa manyoya. Unyoya mmoja ulikuwa wa kahawia wenye mistari myeusi. Chapin alijua ndege wa Kongo kuliko wazungu wote wa siku zake, lakini unyoya ule hakuutambua. Akauweka. Miaka 23 ikapita. Mwaka 1936 alifika katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, na juu ya kabati akakuta ndege wawili waliokaushwa, wenye kibandiko kilichosema ni tausi wa Bara Hindi, wachanga. Akatazama bawa la jike. Unyoya ulikuwa ule ule. Mwaka huo huo akamtangaza kwa jina la Afropavo congensis, tausi wa Kongo, na mwaka 1937 alirudi kwetu kuwatafuta wazima. Wataalamu walishangaa sana, kwani tausi wengine wote wako Asia tu.

Walishangaa wao. Aliyevaa kofia ile hakushangaa. Yeye, na wawindaji wa Walikale vile vile, walijua tausi huyo hutembea wawili wawili chini ya miti mikubwa, dume ni wa buluu ya giza na kishungi cheupe, jike ni wa kahawia na mgongo wa kijani. Hula matunda yaliyoanguka na mchwa, hulala juu ya mti, na usiku dume na jike huitana kwa sauti kubwa. Kwa miaka 23 unyoya ulikuwa na jina mahali fulani, lakini jina hilo halikuandikwa popote. Tausi huyo bado yuko katika misitu ya Walikale, na katika mbuga mbili za taifa zilizoanzishwa mwaka 1970: Maiko, na Kahuzi-Biega katika upande wake wa bondeni ulioongezwa mwaka 1975. Hapendi pori la kombo-kombo. Anataka mwitu wenyewe.

Padri na mwitu

Wengine wataniuliza mambo haya yana nini na upadri. Mtakatifu Thoma, katika sehemu ya kwanza ya Summa, swali la 47, anaeleza kwa nini Mungu aliumba vitu vingi na vya namna mbalimbali: kwa sababu kiumbe kimoja peke yake hakitoshi kuonyesha wema wake. Tulisoma hayo kwa mtihani. Papa Fransisko, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, aliitaja Kongo pamoja na Amazonia kuwa mapafu ya dunia. Na Wanyanga wa Walikale walikuwa nayo hadithi ya Mwindo, aliyoisimulia mzee Rureke mwaka 1956 na iliyochapishwa mwaka 1969 na Biebuyck na Mateene. Shujaa Mwindo alipoua joka, Nkuba, yaani Radi, alimchukua juu mbinguni mwaka mzima, akateswa na mvua na jua, kisha akarudishwa kijijini amekatazwa kuua wanyama. Nimehubiri juu yake mara moja. Wazee waliinua vichwa.

Lakini hubiri halitoshi. Tunapashwa kujua njia za sheria. Kwa agizo la serikali namba 14/018 la tarehe 2 mwezi wa nane 2014, kijiji au vijiji vinaweza kuomba mwitu wa mababu uandikwe kuwa konsesyo ya jamaa yenyewe, bila mwisho wa miaka, hadi hektari 50,000. Katika teritware ya Walikale vijiji vimeanza kazi hiyo. Inataka karatasi, ramani, mikutano, na mtu wa kuandika vizuri barua kwa Kifaransa. Mara nyingi mtu huyo ni katekista au padri. Mfanya biashara anapofika na bia na karatasi yake iliyokwisha kuandikwa, tofauti kubwa ni kama kijiji kina karatasi yake tayari. Hata kwa vita mwitu una kazi: mwezi wa tatu 2025, vita vilipofika Walikale penyewe, watu wengi walikimbilia chini ya miti hiyo hiyo wakalala huko.

Yule mzee katekista, baada ya mambo ya muvula, hakunilaumu hata siku moja. Alinunua daftari. Kila jioni ya safari zetu aliniomba niandike, kwa kuwa macho yake yamechoka: upande wa kushoto jina la Kinyanga, katikati jina la Kihunde kama lipo, upande wa kulia jina la Kilatini nikilipata katika kitabu. Upande wa kulia una nafasi nyingi tupu. Mti ulio nyuma ya nyumba ya masista umo katika ukurasa wa pili. Sasa frateri ndiye anayeandika, kwani mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu, na juma lililopita walifika kwa ndege mmoja wa usiku ambaye mzee amemsikia tangu utoto na hajamwona bado.